Maswali yenu kuhusu Jack Kirby, mkono uliowazaa mashujaa wa Marvel

Kwenye safu iliyopita nilimtaja Jack Kirby, mchoraji wa Marekani, kwa sentensi mbili tu, nikasema kwamba katika hadithi za picha mchoraji naye ni mtunzi, tena mara nyingi ndiye mtunzi mkuu. Maswali yamekuja mengi, mengine makali. Nimeyaunganisha yaliyofanana, na haya ndiyo majibu yangu.

Huyo Kirby ni nani hasa? Mimi namjua Stan Lee peke yake. (Msomaji, Morogoro)

Una wenzako wengi, ndugu yangu, na ndiyo maana nilimtaja. Stan Lee alikuwa mwandishi na mhariri wa Marvel, kampuni ya Marekani ya hadithi za picha, na Kirby alikuwa mchoraji wake. Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika mtaa wa Lower East Side, New York. Jina alilopewa na wazazi ni Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria, na baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mtaa wenyewe ulikuwa wa kubanana, familia nzima chumba kimoja au viwili, na watoto wa barabara hii wakipigana na wa barabara ile kila kukicha. Ngumi zote alizokuja kuchora baadaye alikuwa amezionja mwenyewe kabla hajafikisha miaka kumi na mitano.

Katika kazi ya zaidi ya miaka hamsini alishiriki kuwaumba wahusika kama Captain America, Fantastic Four, Hulk, Thor wa Marvel, X-Men, Avengers, Black Panther, Silver Surfer na Darkseid. Hata Groot, yule mti unaotembea ambao watoto wanaupenda sana siku hizi, alitoka mezani kwake mwaka 1960, wakati huo akiwa zimwi la kutisha na si rafiki wa mtu.

Hadithi za picha zilikuwepo kabla yake. Superman alikuwa sokoni tangu 1938. Alichokileta Kirby ni namna ya kuichora nguvu. Kabla yake kurasa nyingi zilipangwa kama jukwaa la maigizo: watu wamesimama, wanaonekana kichwani hadi miguuni, tunawatazama kutoka mbele. Yeye akaivunja mipaka ya kile kisanduku kinachozunguka kila picha. Ngumi inamjia msomaji usoni, mguu unakanyaga kisanduku cha chini, mtu anarushwa mpaka anatoka nje ya picha. Kisha akaanza kutandaza mchoro mmoja juu ya kurasa mbili zinazotazamana. Ukifungua kitabu chake leo, baada ya miaka themanini, bado unarudisha kichwa nyuma kidogo.

Alisomea chuo gani? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Hakusoma chuo. Alijiandikisha Pratt, chuo cha sanaa kule Brooklyn, akiwa na miaka kumi na minne, akatoka baada ya wiki moja kwa sababu walimu walitaka mchoro mmoja ukaliwe muda mrefu, na yeye alitaka kumaliza na kuanza mwingine. Alijifundisha kwa kunakili katuni za magazetini na kutazama filamu. Kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa studio ya Fleischer, waliokuwa wakitengeneza filamu za katuni za Popeye. Pale alichora zile picha za katikati, baina ya mwendo mmoja na mwingine, mamia kwa mamia. Aliwahi kusema studio ile ilimkumbusha kiwanda cha baba yake, basi akaaga.

Lakini naona yale mafunzo hayakupotea. Mtu aliyechora hatua zote za mkono unaporushwa anajua ni hatua ipi ina nguvu kuliko zote, na Kirby alikuwa akiichagua hiyo tu.

Ni kweli alimchora Hitler akipigwa ngumi kabla Marekani haijaingia vitani? (Msomaji, Nakuru)

Kweli tupu. Toleo la kwanza la Captain America lilitoka Desemba 1940, ingawa jalada limeandikwa Machi 1941. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Kwa hiyo kwa mwaka mzima, wakati Wamarekani wengi wakisema vita vya Ulaya haviwahusu, vijana wawili wa Kiyahudi waliomtunga shujaa huyo, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa wameshaamua upande wao.

Litazame jalada lenyewe ukilipata. Ngumi ya Captain America imetua kwenye taya la Hitler na Hitler anapepesuka kwenda chini. Askari wa Kinazi wanafyatua risasi, moja inagonga ngao na kuruka. Ngao bado ni ya pembe tatu, ile ya mviringo tuliyoizoea ilianza toleo la pili. Kuna ramani ya Marekani, kuna karatasi za mipango ya hujuma, na kwenye kioo cha televisheni anaonekana mtu akilipua kiwanda cha silaha. Yote hayo ndani ya ukurasa mmoja, na jicho lako halipotei, kwa sababu kila mstari unakurudisha kwenye ile ngumi.

Nakala karibu milioni moja ziliuzwa. Vitisho navyo vikaja: barua za chuki, simu, watu wasioeleweka kusimama nje ya jengo la ofisi. Simon amesimulia kwamba meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliwapigia simu mwenyewe kuwahakikishia ulinzi.

Kirby hakuishia kwenye karatasi. Aliandikishwa jeshini mwaka 1943, na Agosti 1944 akashushwa pwani ya Normandy, Ufaransa, akiwa askari wa miguu. Luteni wake alipojua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, akamfanya mpelelezi: atangulie mbele kwenye vijiji na kuchora ramani za mahali adui alipo. Ni kazi iliyoua wengi. Baridi ya mwishoni mwa mwaka huo iliiharibu miguu yake, nusura ikatwe, akalazwa hospitalini Uingereza. Michoro yake ya vita baada ya hapo ina uzito mwingine. Watu wake wanapoanguka, wanaanguka kama watu.

Nimeona majina mengi kwenye ukurasa wa kwanza: wa penseli, wa wino, wa herufi. Sasa nani mchoraji? (Fundi wa mabango, Mwanza)

Swali zuri, na mtu wa kazi yako atalielewa jibu haraka kuliko wengine.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu wa penseli anapewa karatasi ngumu, kubwa kuliko ukurasa utakaochapwa. Hadi mwaka 1967 hivi ilikuwa takriban mara mbili ya ukubwa wa kitabu, kisha ikapunguzwa. Hapo anapanga visanduku, anachora watu, majengo, mwendo, sura, kila kitu. Karatasi inakwenda kwa mwandishi wa herufi anayeandika maneno ya wahusika ndani ya maputo yaliyo juu ya vichwa vyao. Kisha mtia wino anapita juu ya penseli kwa brashi na kalamu, maana mitambo ya wakati ule haikuweza kunasa penseli vizuri. Rangi zinakuja mwisho.

Mtia wino anaweza kumwinua mchoraji au kumzamisha. Joe Sinnott, aliyeshika wino wa jarida la Fantastic Four kuanzia 1965, aliipa penseli ya Kirby mng'ao wa chuma kilichopigwa msasa. Mwingine, Vince Colletta, alikuwa na sifa ya kufuta watu na majengo ya nyuma ili awahi kumaliza. Mike Royer, miaka ya 1970, aliufuata mstari wa Kirby karibu nukta kwa nukta, na mimi kurasa zake ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Kirby alichorea nyumbani, kwenye chumba cha chini ya nyumba yake Long Island, mara nyingi usiku kucha. Kurasa tatu kwa siku zilikuwa kawaida yake. Waliomwona akifanya kazi wanasimulia kwamba hakuanza na mifupa ya mchoro kama tunavyofundishwa, duara la kichwa, mstari wa mgongo. Alianza pembeni akaendelea, utadhani picha ilikuwa tayari kwenye karatasi na yeye anaipitishia penseli tu.

Na sasa lile jambo ambalo wengi hawalijui. Pale Marvel, miaka ya 1960, mchoraji hakupewa hadithi iliyoandikwa kisanduku kwa kisanduku. Yeye na Stan Lee walizungumza wazo, wakati mwingine kwa simu, wakati mwingine ndani ya gari. Kirby akaenda kuchora hadithi nzima ya kurasa ishirini: nani anaingia, nani anapigwa, mambo yanaishaje, huku akiandika maelezo pembeni mwa karatasi. Lee alipopokea kurasa ndipo alipoandika maneno ya kwenye maputo. Maneno yale yalikuwa matamu, yenye mbwembwe na utani, na yamechangia sana mafanikio ya Marvel. Simpokonyi Lee haki yake. Lakini niambie wewe, aliyepanga matukio yote ya hadithi utamwita msaidizi?

Mfano ni Silver Surfer. Walikubaliana hadithi ya Galactus, jitu linalokula sayari. Kurasa za Fantastic Four namba 48, toleo la Machi 1966, zilipofika, Lee akakuta ndani yake mtu wa fedha anayeruka angani juu ya ubao. Akauliza huyu ni nani. Kirby akasema jitu kubwa kama lile lazima liwe na tarishi. Lee mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi, bila kuficha.

Black Panther ni wa nani? Na kwa nini Wazungu wawili watuandikie Afrika? (Msomaji, Kisumu)

Alitokea Fantastic Four namba 52, toleo la Julai 1966, kazi ya Lee na Kirby. Kirby alikuwa tayari na mchoro wa shujaa mweusi aliyempa jina Coal Tiger, na kutoka hapo akazaliwa T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika. Alikuwa shujaa mweusi wa kwanza mwenye nguvu za ajabu katika vitabu vya kampuni kubwa za Marekani. Chama cha siasa cha Wamarekani weusi kiitwacho Black Panther kiliundwa Oktoba mwaka huohuo, miezi michache baada yake.

Swali lako la pili ni la haki na sitalikwepa. Wakanda ya 1966 ni Afrika ya kuwaziwa na mtu wa New York. Kuna ngoma, mikuki na mavazi ambayo hayafanani na ya watu wowote ninaowajua, na sisi wasomaji wa huku tuna haki ya kukunja uso. Lakini tazama pia alichokichora. T'Challa anawaalika wageni nchini kwake kisha anawapiga mmoja baada ya mwingine, kwa akili kuliko kwa misuli. Msitu wanaoingia si msitu: matawi ni nyaya, maua ni vifaa, na ardhi yote ni mtambo. Mwaka ule, magazeti ya Marekani yakituonyesha kama watu wa kuhurumiwa, Kirby alichora mfalme Mwafrika ambaye wageni wake wanashangaa kwa sababu amewatangulia kwa sayansi.

Lupita Nyong'o wa Kenya na wenzake walipoipeleka Wakanda kwenye sinema mwaka 2018, mavazi na lugha vilikuwa vimefanyiwa kazi kwa heshima iliyokosekana mwanzo. Wazo la nchi ya Kiafrika iliyowapita wote kwa ufundi halikubadilishwa. Lilikuwa tayari kwenye kurasa za 1966.

Yale madoa meusi anayochora kuzunguka milipuko ni nini? (Msomaji, Bujumbura)

Ni nishati. Badala ya kuchora mwanga kwa mistari, Kirby alikusanya madoa meusi ya mviringo, makubwa kwa madogo, na mwanga ukawa ile nafasi nyeupe inayobaki katikati yao. Alikomaa nayo katikati ya miaka ya 1960, na leo wachoraji dunia nzima wanaitumia na kuiita kwa jina lake. Kuiga ni rahisi, kuipatia ni kazi. Wengi hutawanya madoa kama mvua, na wake yanakwenda upande mmoja, yanasukuma.

Kwa nini aliondoka Marvel wakati mambo yamenoga? (Wasomaji wengi, Dar es Salaam na Mombasa)

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Kirby alikuwa kibarua wa kulipwa kwa ukurasa. Hakuwa na mkataba wa kudumu, hakuwa na fungu la faida, hakuwa na bima. Vitu vya kuchezea vilipotengenezwa na filamu za katuni kurushwa, michoro yake ilitumika na yeye hakuona senti ya ziada. Sifa nazo zilikwenda upande mmoja. Januari 1966 gazeti la New York Herald Tribune lilichapisha makala ndefu kuhusu Marvel. Lee alielezwa kama nyota, na Kirby akaelezwa kama mtu ambaye ungemwona kwenye treni ungedhani ni msaidizi wa msimamizi katika kiwanda cha nguo za ndani. Mkewe, Roz, aliisoma asubuhi hiyo na akaumia sana. Walikuwa wameoana tangu 1942, na kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyeshughulikia mahesabu na safari ili mumewe achore.

Mwaka 1970 akahamia DC, kampuni pinzani yenye Superman. Huko alianzisha hadithi kubwa ya miungu mipya iliyopita katika majarida manne kwa pamoja, yeye akiwa mwandishi, mchoraji na mhariri. Humo ndimo alimotoka Darkseid, mtawala dhalimu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kuu, ya mzee wa vita anayeuliza dhuluma inatoka wapi na kwa nini watu wanaifuata kwa hiari. Maneno yake yana ukakasi, nakubali. Lakini hata huko hawakumwacha salama: alipochora Superman, kampuni iliwapa wachoraji wengine kazi ya kufuta nyuso zake na kuchora upya. Hebu fikiria, wewe fundi wa mabango, unapeleka kazi na mtu anabandika kichwa kingine juu ya mwili uliouchora. Majarida yale yalikatizwa kabla hadithi haijafika mwisho.

Alirudi Marvel katikati ya miaka ya 1970, akaandika na kuchora Black Panther peke yake kuanzia 1977, kisha akaenda kwenye filamu za katuni za televisheni. Ni huko, akiwa mtu wa miaka sitini na kitu, alikopata kwa mara ya kwanza mshahara wa kueleweka na bima ya afya.

Halafu likaja suala la karatasi zenyewe. Miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji michoro yao halisi, ambayo sasa ilikuwa na thamani sokoni. Wengine walisaini fomu ya ukurasa mmoja. Kirby alipewa ya kurasa nne, yenye masharti ambayo hakuna mwingine aliyewekewa, na akaahidiwa kurasa 88. Huyu ni mtu aliyewachorea kurasa zinazokadiriwa kuzidi elfu kumi! Alikataa. Wachoraji na waandishi wenzake wakapiga kelele hadharani, wakatia saini barua za kumuunga mkono, na mwaka 1987 akarudishiwa karibu kurasa 2,000. Nyingine nyingi zilikuwa zimekwishapotea, au zimeibwa na kuuzwa.

Je, familia yake ilipata chochote? (Mwanasheria, Kampala)

Kirby alifariki tarehe 6 Februari 1994 nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na miaka 76. Mwaka 2009 watoto wake wanne walitoa notisi za kudai hakimiliki zirudi kwa familia, kama sheria ya Marekani inavyoruhusu baada ya muda fulani. Mahakama ya kwanza mwaka 2011, kisha ya rufaa mwaka 2013, zilisema kazi ile ilikuwa ya kuagizwa na kulipiwa na kampuni, hivyo kampuni ndiyo mtunzi kisheria. Wewe mwanasheria utaona mantiki yake. Mimi naona meza iliyokuwa ya Kirby, penseli iliyokuwa ya Kirby na usiku uliokuwa wa Kirby, nashindwa kuikubali.

Familia ikaenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajaketi kuamua kama wataisikiliza kesi, pande mbili zikapatana. Masharti ni siri yao. Kinachoonekana kwa macho ni kwamba tangu hapo jina la Kirby linaandikwa pamoja na la Lee kwenye vitabu na filamu za mashujaa waliowaumba pamoja.

Nilisikia michoro yake ilitumiwa na majasusi. Uzushi? (Msomaji, Muscat)

Si uzushi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alichora majengo na mandhari kwa ajili ya filamu ya kisayansi ambayo haikutengenezwa. Mwaka 1980 shirika la ujasusi la Marekani liliichukua michoro ile kama ushahidi wa kampuni bandia ya filamu, likaitumia kuwatoa Wamarekani sita waliokuwa wamejificha Tehran, Iran. Wao wakapita uwanja wa ndege wakijifanya watu wa sinema waliokuja kutafuta mahali pa kupigia picha.

Mwanangu ana miaka kumi na moja, anachora mchana na usiku. Nimnunulie kipi? (Mama, Arusha)

Mama, hongera kwa kumpa nafasi. Matoleo halisi ya zamani usiyaguse, bei yake ni ya matajiri. Tafuta vitabu vya mkusanyo, na uanzie Fantastic Four namba 48 hadi 52: humo atakutana na Galactus, Silver Surfer na Black Panther mfululizo. Ukipata mkusanyo wa rangi nyeusi na nyeupe, nunua huo hata kama yeye atautaka wa rangi, maana kwenye rangi mstari wa mchoraji unajificha.

Mwambie asinakili nyuso kwanza. Anakili mikono. Vidole vya Kirby ni vinene, ncha zake za mraba, na vimepanuka kumwelekea mtazamaji hadi kiganja kimoja kinajaza robo ya ukurasa. Akishaujua mkono mmoja huo, amwombe mdogo wake amnyooshee ngumi karibu na pua, auchore ule anaouona.